Piza ya Wakonyo na Mtu wa Gunia

Wakonyo alizaliwa kinywa wazi, na mkunga aliyempokea aliondoka na alama ya ufizi kidoleni. Watu wa Ruiru waliicheka habari hiyo mpaka mtoto alipoanza kutembea, ndipo wakaanza kufunika vyungu. Alikula viazi vitamu vikiwa bado ndani ya majivu. Fisi mmoja aliyejaribu kumpokonya mfupa kando ya mto alirudi vichakani bila sikio, na kwa miaka mingi wachungaji walikuwa wakionyeshana: yule pale, aliyekutana na Wakonyo.

Baba yake hakucheka. Siku moja alichinja mbuzi wa wageni, akaenda kunawa, akarudi akakuta ulimi haupo. Nyumbani kwake ulimi ulikuwa wa wanaume. Mwanamke kuutazama sana tu ni kujitafutia maneno. Alimchapa msichana kwa fito mbichi mpaka fito ikakatika, kisha akamuuliza kama sasa amejifunza kitu. Wakonyo akapangusa pua, akasema ndiyo, amejifunza kwamba ulimi unataka chumvi zaidi.

Alipokuwa mwanamke mzima, mwenye mikono ya kubeba debe la maji kila upande bila kumwaga tone, alipata kazi ya jikoni kwenye machimbo ya mawe nje ya Ruiru, kwari kama watu walivyoyaita. Mwenye kwari alikuwa Mtaliano, Bwana Nelo. Aliletwa Kenya akiwa mateka wa vita, akachimbishwa barabara, na vita vilipokwisha akakataa kurudi kwao.

Walianza kwa kupigana. Wakonyo alimpikia ugali, Nelo akausukuma. Wakonyo akaula wote mbele yake na kuramba sahani. Nelo akarusha kikombe ukutani. Wakonyo naye akarusha kingine, maana alidhani labda ndivyo kwao wanavyoshukuru. Nelo alitazama vigae sakafuni, akacheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo wakaelewana.

Ndiye aliyejenga tanuri. Alilijenga nyuma ya jiko kwa mawe ya kwari yenyewe, la mviringo, mdomo wake mdogo, na likiwashwa kwa kuni za mibuni iliyong'olewa shambani lilinguruma kama simba aliyeshiba. Beleshi la kutilia na kutolea lilikuwa la wachimba mawe, lililopondwa kwa nyundo mpaka likawa bapa, na mpini wake ulikuwa mrefu kuliko Wakonyo. Nelo alikanda unga wa ngano, akauacha uvimbe, akautandaza mwembamba kama ngozi ya ngoma. Akapaka nyanya zilizopondwa, akatupia vitunguu saumu, akalaza juu vipande vya jibini aliyotengeneza mwenyewe. Akaliingiza beleshi ndani, akalivuta nje tupu. Kufumba na kufumbua likarudi na kitu kinachotokota, chekundu na cheupe, kingo zake zimeungua kidogo.

"Piza," akasema Nelo.

Wakonyo alikata, akatia kinywani kabla haijapoa. Moto ukamchuna kaakaa, hakutema. Alifumba macho. Wanaosema kwamba harufu ya siku hiyo ilipanda na upepo mpaka Thika, na kwamba mbwa wa kiwanda cha ngozi waliziacha ngozi mbichi wakafuata barabara hadi Ruiru, wanasema kweli. Waliozika mbwa waliokanyagwa njiani na malori wapo. Alipofumbua macho alimwona Nelo anafuta machozi.

"Unalia nini, bwana?"

"Moshi," akasema Nelo. Hapakuwa na moshi.

Tangu hapo Wakonyo hakuweza kufurahi peke yake. Jambo jema likitokea, tanuri liliwashwa na marafiki wakaitwa. Kulikuwa na Bedan, mchonga mawe wa kwari, mtu mpole mwenye meno meupe kama mahindi mabichi, na mkewe Njambi. Kulikuwa na Apiyo, aliyetoka upande wa ziwa na kufanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge huko Thika, ambaye sauti yake ilitangulia kufika. Na kulikuwa na Muigai wa kiwanda cha ngozi, mwembamba, mcheshi, aliyenuka ngozi hata Jumapili baada ya kuoga.

Walikuwa na desturi yao, waliyofundishwa na Nelo. Kipande cha kwanza hakiliwi na mtu mmoja. Mwenye sherehe anakishika, kila mmoja anakuja anauma mara moja kutoka mkononi mwake, mpaka kiishe. Ndipo wengine wanakata vyao. Nelo alisema kwao ndivyo marafiki wanavyofanya ili asiwepo wa kusema nilinyimwa. Na Muigai alikuwa na desturi yake peke yake. Kipande chake alikianza nyuma. Alitafuna ule ukingo mgumu kwanza, toka pembe hii mpaka ile, kama panya anayekata mkeka, na katikati, penye nyanya na jibini, akapaacha mwisho.

"Unakula kama mtu anayerudi nyuma kutoka msalani," Apiyo alimwambia.

"Shemeji, wewe unaanza na harusi unamaliza na matanga," akajibu Muigai. "Mimi natangulia kwenye matanga."

Matanga yalianza na Nelo. Baruti moja ilichelewa kulipuka. Alingoja, akachoka kungoja, akaenda kuitazama. Walichokipata kilitosha kuzikwa kwenye sanduku la misumari. Alasiri ya mazishi Wakonyo aliwasha tanuri, akaoka huku kamasi zinamtoka, na marafiki wakala. Mwenye kwari mpya hakuwa na haja na lundo lile la mawe nyuma ya jiko. Akamwachia.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, na nchi ikageuka kichinjio. Vijana waliingia msituni. Serikali ikachoma nyumba, ikawafungia watu katika vijiji vilivyozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Wanaume wa hapahapa walipewa mikuki, baadaye bunduki, wakaitwa mahomugadi, wawapige majirani zao. Asubuhi barabarani ungekuta mtu amelazwa hana kichwa, na usijue ni upande gani uliomkata. Mtu aliyegundulika kula kiapo cha watu wa msituni, kile cha kuuma nyama na damu ya mbuzi kwa zamu chini ya majani ya migomba, alipelekwa kizuizini. Aliyegundulika kuwalisha wengine kiapo alipelekwa kwenye kamba.

Katikati ya hayo Njambi akajifungua mtoto wa kiume. Alikuwa amezika watoto waliomtangulia, wote, na huyu alilia kwa nguvu na kunyonya kwa fujo. Bedan alikuja jikoni kwa Wakonyo, akasimama mlangoni.

"Ni mvulana," akasema. "Ananyonya kama wewe."

"Basi atapona," akasema Wakonyo. "Waambie wenzako Jumapili mchana."

Alipanga vizuri. Mikutano ilikuwa imekatazwa, kwa hiyo aliwakalisha nyuma ya tanuri, ndani ya kishamba cha migomba, wasionekane kutoka barabarani. Sahani za Nelo zilikuwa zimekwenda na mwenye kwari mpya, kwa hiyo alitandika majani ya mgomba. Jibini aliitengeneza kama alivyofundishwa, kwa kutumbukiza ndani ya maziwa kipande cha tumbo la ndama lililokaushwa, ili yagande. Tumbo lenyewe lilining'inia juu ya mlango wa jiko, limekunjamana, jeusi kwa moshi. Muigai alifika mwisho. Jicho lake moja lilikuwa limefungwa kwa uvimbe.

"Nani kakupiga?" akauliza Njambi, mtoto mgongoni.

"Nilianguka kwenye pipa la ngozi."

"Pipa lina ngumi siku hizi," akasema Apiyo.

Muigai hakujibu utani, na hilo peke yake lingemtosha Wakonyo kujua. Lakini piza ilikuwa imeiva, na piza ikiiva Wakonyo hakuwa mtu wa kujua kitu kingine. Bedan akakishika kipande cha kwanza. Njambi akauma. Apiyo akauma. Muigai akauma. Wakonyo alikuwa ameinama kuuma, mchuzi wa nyanya unamtiririka Bedan mpaka kwenye kiwiko, wakati migomba ilipoanguka kwa mapanga na mahomugadi wakaingia.

Sasa wewe vaa macho ya homugadi. Watu wamejificha migombani. Majani ya mgomba chini. Tumbo la mnyama mlangoni. Mwanamume amesimama katikati, mkono mwekundu mpaka kiwikoni, anawalisha wenzake kitu kimoja, mmojammoja, kila mtu mara moja. Hata Wakonyo alisema baadaye kwamba angekuwa yeye angepiga pia, ila angesubiri kwanza wamalize kula.

Walipiga. Mkubwa wao alikuwa Zacharia, jirani, baba wa msichana aitwaye Ngendo ambaye Wakonyo aliwahi kumbeba mgongoni. Kitako cha bunduki yake kilitua kinywani mwa Bedan, na yale meno ya mahindi mabichi yakamwagika juu ya piza. Njambi alijikunja juu ya mtoto, akapigwa rungu la bega. Wakonyo alichukua beleshi la moto, akampata homugadi mmoja kwenye makalio. Huyo alilala kifudifudi mpaka Krismasi. Kisha wakamwangukia wengi, akaona anga, akaona buti, hakuona kitu tena.

Muigai alikuwa ameshatoweka. Apiyo walimwacha.

"Wewe nenda zako," Zacharia akamwambia. "Hiki si kiapo cha kwenu."

"Nimekula na mimi," akasema Apiyo. "Nifungeni, la sivyo mseme ni chakula."

Walimfukuza kwa viboko. Alikwenda akitukana kwa Kijaluo, na waliosikia walishukuru kwamba hawakijui.

Kituo cha mahomugadi kilikuwa na mnara wa magogo na uwanja wa vumbi. Waliwakalisha juani mikono kichwani. Wakakata kiboko juu ya mgongo wa Wakonyo, kisha juu ya nyayo zake, wakimtaka aseme tu neno moja: kwamba Bedan ni mlisha kiapo. Bedan mwenyewe hangeweza kusema neno lolote, uso wake ulikuwa boga. Njambi alikuwa ukutani, mtoto analia, titi limekauka kwa hofu.

"Ni chakula, Baba Ngendo," Wakonyo alisema kila kiboko kilipoinuliwa.

"Chakula gani kinaliwa kwa zamu?"

"Cha Wataliano."

"Mtaliano alishakufa."

"Chakula hakikufa naye."

Ndipo wakamleta mtu wa gunia. Hao walikuwa wakitumiwa sana siku zile: mtu anavikwa gunia toka kichwani mpaka magotini, limetobolewa matundu ya macho, anapitishwa mbele ya waliokamatwa, na akitikisa kichwa kukubali, mtu huyo amekwisha. Huyu alikuwa mwembamba. Alisimama mbele ya Njambi, akatazama chini. Alisimama mbele ya Wakonyo. Mbele ya Bedan alisimama muda mrefu, mpaka Zacharia akamsukuma, ndipo gunia likatikisika.

"Kesho bwana ofisa anakuja kumchukua," akasema Zacharia. "Njambi, mnyonyeshe mtoto huyo amwangalie baba yake vizuri."

Asubuhi ofisa wa wilaya alifika, Mzungu kijana mwenye magoti mekundu. Na nyuma ya gari lake, akitembea kutoka barabarani kama mtu aliyealikwa, alikuja Apiyo, mfuko wa unga kichwani, nyanya kwenye kapu, jibini imefungwa kwa jani. Nyuma ya miguu yake kulikuwa na alama za viboko vya jana. Alisimama mbele ya Mzungu kabla mtu hajamzuia.

"Bwana," akasema, "wanasema hii dawa ya kuua Wazungu. Mpe huyu mama moto, apike mbele yako. Kama ni kiapo, tufunge sote."

Ofisa alimtazama, akamtazama Bedan, akaangalia saa. "Hii iko maneno ya kunyonga mtu," akasema kwa Kiswahili chake. "Nataka ona hii chakula. Peleka hii mama kwa moto."

Kwari haikuwa mbali. Waliwaswaga wote mpaka kwenye tanuri. Nyayo za Wakonyo hazikukanyagika, kwa hiyo alikanda akiwa amepiga magoti, na kila alipousukuma unga damu ilimchuruzika mgongoni. Alijua kila pigo la kiganja lilikuwa shingo ya Bedan. Hajawahi kukanda namna ile, kabla wala baada. Watu wa Ruiru wanasema unga ulivimba kwa woga wenyewe, bila kungojwa. Alitia moto, akatandaza, akapaka, akaingiza beleshi. Harufu ikatoka. Bunduki zote zikashuka kidogo.

Aliikata, akaiweka juu ya jani. Ofisa akamwashiria Zacharia ale.

Zacharia akarudi nyuma. "Bwana, mimi ni mtu wa serikali. Nikila hiki, kesho watasema nimeapa."

Akamwashiria mwingine, naye akarudi nyuma. Wanaume wenye bunduki, walioua watu, walikuwa wakikimbia kipande cha mkate. Ofisa akakasirika.

"Nani naona wao nakula?"

"Huyu, bwana," akasema Zacharia, akamsukuma mtu wa gunia mbele. "Huyu anakijua. Yeye ndiye shahidi."

"Basi yeye naonyesha."

Mtu wa gunia alikuwa hajapewa chakula tangu walipomshika. Wakonyo aliona gunia likipanda na kushuka. Mkono ukatoka chini ya gunia, ukachukua kipande, ukakiinua chini ya kitambaa, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi humo akalisukuma gunia mpaka puani. Kidevu kikaonekana. Akakigeuza kipande. Akaanza kutafuna ukingo, toka pembe hii mpaka ile.

Wakonyo aliacha kupangusa unga mikononi. Akamtazama Apiyo. Apiyo alikuwa ameshajua.

Angeweza kumrukia wakati huo huo. Magoti yalishainuka kutoka chini. Lakini Bedan alikuwa amefungwa kamba mikononi, na Wakonyo akameza mate ya hasira, akasema kwa sauti ya kuwaalika wageni, "Muigai, leo umeanza na matanga tena."

Kinywa chini ya gunia kikaacha kutafuna.

"Bwana ofisa," akasema Wakonyo, "huyu amekila chakula hiki hapahapa tangu Mtaliano akiwa hai, kabla ya Hali ya Hatari kuanza. Ndiye anayekila vizuri kuliko sote. Jana aliuma kutoka mkononi mwa Bedan kabla yangu. Kama ni kiapo, Baba Ngendo, shahidi wako ana viapo tumboni kuliko msitu mzima, na cha leo umemlisha wewe mwenyewe, mbele ya bwana."

Ofisa alichelewa kuelewa, Zacharia hakuchelewa. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alimshika mtu wa gunia shingoni, akamtikisa.

"Sema. Ni nini hiki?"

"Ni piza," ikasema sauti ya Muigai, kinywa kimejaa.

"Piza ni nini?"

"Ni chakula, mzee." Alikuwa akilia na kutafuna, vyote pamoja. "Walinipiga siku mbili wakitaka jina. Sikuwa na jina la msitu hata moja. Nikawapa Jumapili yetu."

Ofisa akachukua kipande, akakila amesimama, akachukua cha pili. "Fungua yule," akasema, akionyesha Bedan kwa ukingo wa mkate. Zacharia aliikata kamba kwa panga, karibu akate na mkono, kisha akamgeukia Muigai na hasira yake yote. Walimpiga kwa zamu, kila mtu mara yake, mpaka goti likavunjika likaangalia upande mwingine, wakamburuta na gunia lake mpaka barabarani. Wakonyo hakusema waacheni. Alikaa kwenye mdomo wa tanuri akala kipande kilichobaki, na hakusikia ladha yake, na hilo ndilo alilomdai Muigai kuliko viboko.

Hali ya Hatari ilipokaribia kwisha Wakonyo alikuwa Thika, anapika kwenye hoteli karibu na soko. Alilibomoa tanuri la Nelo jiwe kwa jiwe, akalijenga upya nyuma ya hoteli. Bedan alikuwa amemaliza kujijengea nyumba ya mawe, ya kwanza yake mwenyewe, na siku ya kuezeka aliwaita marafiki kwenye tanuri hilo. Njambi alikuja na bega lililopinda na mvulana mnene. Apiyo alisikika tangu darajani. Wakasema Wakonyo, leo tutakula mpaka mabati yatoke.

Bedan alikishika kipande cha kwanza. Wote waliuma, na mvulana aliuma akakaribia kumng'oa baba yake kidole. Ndipo mtu mmoja akasimama kwenye uchochoro, anachechemea, ameshika kofia. Alinuka ngozi.

Wakonyo alinyanyuka, akalitoa beleshi motoni, akamwendea. Muigai hakukimbia, na hata angetaka goti lisingemruhusu. Wakonyo alimpiga la bega, mfupa ukalia kama kuni kavu. Akamwinua, akampiga la pili upande wa pili, ili asitembee amepinda. Watu wa sokoni wanasema njiwa wa Thika waliondoka siku hiyo na wengine hawajarudi.

Kisha akamburuta kwa ukosi wa shati mpaka kwenye majani ya mgomba, akamketisha.

"Si piza unataka?" akasema, akihema. "Kaa."

Muigai alikaa, mikono imelala mapajani, haiwezi kuinuka. Mbele ya Bedan, kama kila mara tangu siku ile, kulikuwa na lundo la kingo. Bedan alikula katikati tu. Ukingo aliusugua kwa ufizi, ukamshinda, akauacha. Aliutazama mmoja muda mrefu. Akauchukua, akajiinua kwa taabu, akamshikia Muigai mbele ya kinywa, kama anavyoshika mwenye sherehe.

"Tafuna," akasema, na maneno yalipita kwenye pengo yakitoa upepo. "Tafuna, wewe mwenye meno."

Muigai akatafuna. Wote walisikia ukingo ukivunjika. Wakonyo alikuwa bado amesimama nyuma yake na beleshi, maana hakuwa na hakika kama amemaliza. Halafu harufu ya piza ya pili ikamfikia, inaanza kuungua, akakimbia kuitoa.